UZI: Wasifu wa mzee mwalimu, namna ya kuuandika ili wazee wa mbele wasigune

Kihamba_Juu

Salaam wakuu. Uzi huu ni kwa wenye mzee aliyefundisha shule huku Machame, Kibosho, Marangu, Rombo au mjini Moshi, akaishi miaka mingi na sasa ametangulia. Kama bado yupo, heri zaidi, kaeni naye mapema maana mwenye habari ni yeye. Tatizo ni lilelile kila msiba. Wasifu unaandikwa saa nane usiku na mjukuu mwenye laptop, asubuhi unasomwa kwenye spika, na wazee walioketi mstari wa mbele wanaanza kuguna. "Marehemu alimaliza darasa la saba mwaka 1951." Darasa la saba lipi, jamani?

Kwa aliyesoma miaka ya 1950 ngazi zilikuwa hivi: shule ya msingi darasa la kwanza hadi la nne, halafu shule ya kati la tano hadi la nane. Kila ngazi ilikuwa na mchujo wake, na wengi waliishia la nne. Waliovuka la nane waligawanyika, wengine chuo cha ualimu moja kwa moja, wachache wakaendelea hadi la kumi, na wachache zaidi hadi la kumi na mbili kufanya mtihani wa Cambridge. Msingi wa kuishia la saba ni habari ya baada ya Uhuru. Ukikuta kwenye cheti chake VIII kwa namba za Kirumi, usiigeuze kuwa VII kwa kudhani mchapaji alikosea.

Jambo la pili ni wilaya. Enzi za Mwingereza hapa palikuwa Jimbo la Kaskazini, na Machame na Siha zilikuwa ndani ya wilaya ya Moshi. Hai imekuja miaka ya 1970, Siha juzi tu miaka ya 2000. Kwa hiyo "alizaliwa mwaka 1932 wilaya ya Siha, mkoa wa Kilimanjaro" haikai sawa. Andika kijiji na kata, kisha "ambayo leo ni wilaya ya Siha". Neno moja hilo, na mzee wa mbele anatulia.

Wenye ujuzi wa makaratasi ya kanisa na ya ualimu karibuni mwongeze.

---

Karani_wa_Parokia

Umefungua mlango mzuri mkuu. Naanza na tarehe ya kuzaliwa, maana hapo ndipo familia nyingi hujikwaa.

Mzee mmoja anaweza kuwa na tarehe tatu: ya kanisani, ya kwenye faili la kazi na ya kwenye kadi ya mpiga kura. Ya kazini ikiwa ni tarehe 1 Januari au 1 Julai, itilie shaka. Mara nyingi karani alipewa mwaka tu, tarehe akaijaza mwenyewe. Mwaka nao unaweza kuwa ulisogezwa ili kijana aonekane mdogo anapoingia shule.

Chanzo cha karibu zaidi ni daftari la ubatizo. Nenda parokiani au usharikani na vitu vinne: jina la ubatizo, jina la baba, jina la mama, na makadirio ya mwaka yenye nafasi ya miaka mitatu huku na mitatu huku. Usiende na jina la mzee peke yake, utakuta akina Yohane thelathini. Na uliza kwanza kigango au mtaa wake ulikuwa chini ya parokia au usharika gani wakati huo. Parokia nyingi za leo zimezaliwa kutoka nyingine, na daftari la zamani limebaki kwa mama.

Kwa Wakatoliki daftari la zamani limeandikwa Kilatini. Usiogope, maneno ya kutafuta ni machache. *Natus* ni amezaliwa (kwa mwanamke *nata*), *baptizatus* ni amebatizwa, *patrinus* ni msimamizi. Kosa linalorudiwa ni kunakili tarehe iliyo mbele ya *baptizatus* kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa. Kwa mtoto mchanga tofauti inaweza kuwa siku chache, ila kwa aliyebatizwa mkubwa ni miaka mingi. Wengi wa kizazi kile waliingia ukatekumeni wakiwa wanajua kusoma. Kama nafasi ya *natus* imeandikwa *circa* na mwaka, ujue hata padre alikadiria.

Pasipo daftari, tumia matukio. Muulize mzee wa rika lake, ila usimuulize "alizaliwa lini". Uliza: "Vita ya Hitla inaisha, nyie mlikuwa mnachunga au mmeshaanza shule?" Akisema walikuwa wanachunga mbuzi, hiyo ni miaka kama sita hadi tisa mwaka 1945, kwa hiyo alizaliwa kati ya 1936 na 1939. Alama nyingine za huku: treni ilifika Arusha 1929, KNCU (ushirika wa wakulima wa kahawa) ilianza 1933, Mangi Mkuu Marealle alishika kiti mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwenge uliwashwa Kibo Desemba 1961. Ukipata alama mbili zinazokubaliana, andika "takriban mwaka 1937" na uishie hapo. Usimtungie tarehe na mwezi.

---

ChakiNyeupe

Watoto, hamjambo. Upande wa ualimu nitaandika kirefu, maana ndiko kunakoharibiwa zaidi.

Kwanza, mwajiri. Aliyeanza kufundisha miaka ya 1950 kwenye shule ya misheni hakuwa mtumishi wa serikali, alikuwa mwalimu wa misheni, na misheni ilipata ruzuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walimu wakaunganishwa katika utumishi mmoja, na Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitwaa shule zile. Matokeo yake barua ya pensheni inaweza kuanza kuhesabu utumishi baadaye kuliko siku aliyoshika chaki. Familia inasoma barua, inaandika "alianza kazi 1963", na miaka yake saba ya shule ya kigango, ile migumu kuliko yote, inafutika. Tafuteni barua ya kwanza, yenye anwani ya misheni. Mara nyingi iko ndani ya Biblia au kwenye sanduku la bati, imekunjwa mara nne.

Pili, chuo. Marangu ilianza mikononi mwa Walutheri, Singachini kwa Wakatoliki, na vyote vikaja kuwa vya serikali. "Alisoma chuo cha serikali Marangu 1953" ni kosa. Andika "Chuo cha Ualimu Marangu" na mwaka, inatosha.

Tatu, daraja la ualimu. Siku hizi watu wanaandika "Daraja la IIIA" kwa kila mwalimu wa msingi. Mzee wa 1955 hakuwa na hilo, madaraja ya wakati ule yalikuwa na majina mengine na cheti chake kimelitaja. Nakilini kama kilivyo. Vilevile aliyeongoza shule ya msingi ni Mwalimu Mkuu, wa sekondari ni Mkuu wa Shule. Mkaguzi wa shule wa 1972 asigeuzwe kuwa Mdhibiti Ubora, hicho ni cheo cha juzi.

Nne, siasa. Kuna mtindo wa kumfanya kila marehemu mwanachama wa TANU wa 1954. Mwalimu aliyekuwa mtumishi wa serikali wakati ule alikatazwa kujiunga na chama cha siasa. Nyerere mwenyewe aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955. Kama kadi ipo, soma tarehe iliyoandikwa juu yake. Kama haipo, acha. Hapungukiwi kitu.

Sasa kilicho kitamu. Miaka ya utumishi ipangeni kwa kuilaza juu ya mambo yaliyokuwa yakitokea shuleni, msikilizaji aone kazi ilivyobadilika mkononi mwake. Machi 1967 ilitoka Elimu ya Kujitegemea: shule ikawa na shamba, mwalimu akahesabu mikungu ya ndizi na madaftari pamoja. Miaka hiyohiyo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia msingi wote, kwa hiyo mwalimu wa hesabu wa darasa la sita ilibidi ajifunze kusema "kigawe" na "asilimia" kwa maneno ambayo yeye mwenyewe hakufundishwa nayo. Kuanzia 1970 ikashika kasi elimu ya watu wazima: asubuhi watoto, jioni baba zao na mama zao, kwenye madawati yaleyale mafupi. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, na 1977 UPE yenyewe, yaani elimu ya msingi kwa wote. Darasa la watoto 45 likawa la 80 na ushee, na walimu vijana waliomaliza la saba walifundishwa kazi wakiwa shuleni, chini ya macho ya huyohuyo mzee. Watu wanacheka kwamba UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu". Aliyewafundisha hao vijana kuandaa somo kila jioni ni nani? Hiyo ni aya nzima ya wasifu, na sijawahi kuisikia ikisomwa.

---

Meku_Mdogo

Shikamoo mwalimu. Swali: sisi tumeandika "alikuwa mcha Mungu, mpenda watu, mcheshi, mchapakazi na asiyependa makuu". Kuna ubaya?

---

ChakiNyeupe

Marahaba mwanangu. Ubaya upo: hiyo ni ya marehemu yeyote. Badilisha jina, inamfaa jirani.

Tafuta wanafunzi wake watatu wa vipindi tofauti, mmoja wa miaka ya 1960, mmoja wa 1970 na mmoja wa mwisho kabla hajastaafu. Uwarekodi kwa simu, dakika 20 kila mmoja, simu ikiwa imezimwa mtandao isije ikapigiwa katikati. Ukimwambia mtu "nieleze habari za mwalimu" atakupa hayo hayo ya mcha Mungu. Uliza vitu vya kushikika. Kengele ilikuwa nini, chuma cha reli au rimu ya gari? Ubao mliupaka nini? (Wengi watakwambia unga wa betri kuukuu na majani ya kusugulia.) Wakati wa imla alisimama wapi, na neno aliligawa vipi? Aliyechelewa kwa sababu ya kukata majani ya ng'ombe alifanywaje? Alisahihisha kwa kalamu ya rangi gani na aliandika nini pembeni? Mwandiko wake wa *g* ulikuwaje?

Ukipata majibu mawili yanayofanana kutoka kwa watu wasiokaa pamoja, umempata mzee. Mfano wa sentensi iliyokamilika: "Imla yake ilisomwa mara tatu: mara ya kwanza kalamu chini, mara ya pili mnaandika, mara ya tatu mnajisahihisha, na baada ya hapo hakurudia hata kwa mtoto wa mchungaji." Hapo hujasema alikuwa mwenye haki wala msimamo, na kila mtu ameshaelewa.

Na hesabu ya wanafunzi wake msiikuze. Miaka 32 mara darasa moja la watoto 45 ni 1,440. Idadi hiyo inatosha kabisa, "maelfu kwa maelfu" ya nini?

---

Binti_Mkwe

Mimi nagusia kipande cha familia kwa sababu ndicho kinacholeta ugomvi chini ya turubai.

"Alijaliwa watoto 10" na "ameacha watoto 10" ni mambo mawili. Waliotangulia wanahesabiwa kwenye kujaliwa, hawahesabiwi kwenye kuacha. Andika: "Alijaliwa watoto 10, wawili wametangulia mbele za haki. Ameacha mjane, watoto 8, wajukuu 31 na vitukuu 14." Kisha toeni karatasi muwahesabu mmoja mmoja kwa kila nyumba, msikadirie. Mtoto wa mjukuu ni kitukuu, mtoto wa kitukuu ni kilembwe. Mzee wa miaka 95 anaweza kabisa kuwa na kilembwe, na watu wanamwita kitukuu kwa kutojua.

Kama kulikuwa na nyumba mbili, au mtoto aliyezaliwa nje, lisiamuliwe na mwandishi. Lipelekwe kwa baba wakubwa, baba wadogo na mashangazi kabla rasimu haijachapwa, na atakayekubaliwa kusomwa asomwe kwa jina kamili kama wenzake. Mkishaelewana, mzee wa ukoo aweke sahihi yake kwenye rasimu.

Ugonjwa upewe sentensi mbili, ulianza lini na amefariki wapi na lini. Orodha ya vipimo na dawa haimsaidii mtu, na kuanza kulaumu wahudumu kwenye spika ni aibu kwa wafiwa.

---

Karani_wa_Parokia

Naongezea la majina, halafu niondoke. Ubatizo unasema Yohane, cheti cha ualimu Yohana, benki John. Kwenye wasifu tumia jina alilojulikana nalo na uyataje mengine mara moja tu mwanzoni. Ila kwenye kibali cha mazishi na kwenye maombi ya cheti cha kifo liende jina la nyaraka za mali na pensheni, la sivyo mtakuja kuhangaika na hati za kiapo wakati wa mirathi. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Akifia nyumbani, mnaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa.

---

Mpiga_Chapa

Picha sasa. Hapa ndipo pesa zinapopotea.

Mzee wa umri huo mara nyingi ana picha moja tu ya ujana, ndogo ya pasipoti au ya darasa zima, na iko kwenye fremu ukutani. Kwenye vyumba vya mlimani vyenye unyevu picha inagandana na kioo. USIIBANDUE. Ukivuta, uso unabaki kwenye kioo. Toa fremu ya mbao na kadibodi ya nyuma, lakini kioo na picha viende pamoja kwenye skana, kioo kikiwa chini. Futa kioo kwanza kwa kitambaa kikavu.

Kiwango cha skana kinategemea unataka kukuza kiasi gani. Picha ya upana wa sm 4 ukiiskani kwa 600 dpi (nukta kwa kila inchi) unapata nukta kama 945. Ukichapa kwa 300, hiyo ni sm 8, yaani mara mbili tu. Ukitaka ijaze upana wa A4, ambao ni sm 21, unahitaji nukta kama 2,480, kwa hiyo skani kwa 1,600. Kuipiga kwa simu ikiwa ukutani halafu kuituma WhatsApp kama picha ya kawaida ndiyo njia ya kuiua, maana inabanwa. Itume kama faili, au lete kwa flash.

Picha ya darasa msiikate kumtoa yeye peke yake. Weka nzima, na chini yake andika majina ya mnaowatambua kuanzia kushoto, mstari wa nyuma kwanza. Siku ya msiba watu wataipigania hiyo kuliko picha nyingine yoyote.

Kijitabu: karatasi ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne za A5, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ukileta kurasa 14 tutakuwekea mbili tupu. Kijitabu cha 16 ni jalada (karatasi moja ya gramu 150) na karatasi tatu za ndani za gramu 80. Nakala 300 zinakula karatasi 900 za ndani, rimu mbili zinatosha na zinabaki 100 za kuharibika. Pini mbili katikati ya mkunjo, kwa stepla ya shingo ndefu. Maandishi yasipungue saizi 12 na wimbo usipungue 13, wasomaji wenu ni wazee na wamesahau miwani. Kabla ya kuchapa zote, chapa moja, mpeni mtu asiye wa familia aisome kwa sauti. Makosa ya tarehe anayaona yeye, nyie mmeshayazoea.

---

Meku_Mdogo

Wasifu wa kusoma uwe mrefu kiasi gani?

---

Kihamba_Juu

Mkuu, mwenye ratiba atawapa dakika saba. Kwa kasi ya msibani, pamoja na kumeza mate, ni kama maneno 100 kwa dakika. Kwa hiyo maneno 700, kurasa mbili na kitu za A4 kwa saizi 14. Ule mrefu uende kwenye kijitabu.

Msomaji asiwe mtoto wa marehemu, sauti itakatika kwenye aya ya pili. Mjukuu mkubwa au mwanafunzi wake wa zamani. Na miaka muandikieni jinsi ya kuisoma. Akianza "elfu moja mia tisa hamsini na moja" mara ishirini, dakika mbili zimekwenda. "Mwaka hamsini na moja" inaeleweka na kila mtu pale.

---

Fundi_Terazo

La kaburi kwa ufupi. Msikimbilie marumaru wiki ya mazishi. Udongo wa kihambani (shamba la nyumbani) uliochimbwa futi sita unashuka, na masika ya kwanza (Machi hadi Mei) ndiyo yanaushusha hasa. Kaburi lililowekwa vigae Februari linapasuka Mei, halafu lawama kwa fundi. Kama ndani halikujengewa kwa tofali na kufunikwa kwa zege, weka msalaba wa muda, jaza udongo kila unaposhuka, masika yapite. Ndipo slabu ya zege ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) yenye nondo, imwagiwe maji siku saba, na vigae baadaye. Masale (mmea wa heshima wa Kichagga) yapandwe kando kidogo, sm 60 kutoka ukingoni.

Jiwe la maandishi: agizeni baada ya tarehe kuhakikiwa huko juu alikoeleza karani. Kalamu inafutika, granaiti haifutiki. Jina, miaka miwili, na neno "Mwalimu" juu ya jina. Mstari wa Biblia ukizidi maneno 12 herufi zinakuwa ndogo, hazisomeki kutoka kwenye njia.

---

Binti_Mkwe

Nakala moja ipelekwe pia kila shule aliyofundisha. Mwalimu mkuu aipokee, aandike tarehe na kuiweka kwenye faili la historia ya shule. Shule nyingi hazina hata orodha ya walimu wakuu wake.

---

Meku_Mdogo

Mpiga Chapa, sisi tumebakiwa na ukurasa mmoja mtupu mwishoni. Tuweke zaburi?

---

Mpiga_Chapa

Weka mistari tupu, kama kumi na tano, na juu yake "Masahihisho na nyongeza", chini namba ya simu ya mwanafamilia mmoja. Weka na kalamu kumi pale kwenye kitabu cha maombolezo. Wenye kuguna wataandika. Siku ya kuanua tanga kusanyeni nakala zilizoandikwa.